Nusu Mita ya Mpira: Safari ya Kumleta Yaya Veronika kutoka Lubarika

Tangu matanga ya dada yangu yaishe, nimesikia habari ya kifo chake ikisimuliwa kwa namna tatu, na zote tatu si za kweli. Sokoni Kalundu wanasema kwamba walinzi wa kizuizi cha Kiliba walitushikilia mpaka mgonjwa akakata roho. Lubarika wanasema kwamba dereva wetu, fundi Kashindi, alikuwa amelewa. Hapa Songo, mtaa wa Uvira, barazani kwangu mwenyewe, wageni wananifariji kwa kusema kwamba gari lilikuwa kuukuu na hakuna mtu aliyekosea. Mimi nilitumikia serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, katika ofisi iliyokuwa ikikagua magari na kuyapa vyeti, na katika muda huo wote sikuweka saini yangu chini ya maneno niliyojua kuwa ya uongo. Sitaanza leo, nikiwa nimestaafu. Naiandika safari ile kama ilivyokwenda, kituo kwa kituo, kwa ajili ya watu wa ukoo na wa mtaa, ili kila mmoja abebe mzigo wake na asibebeshwe wa mwenziwe.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Songo. Simu ilinikuta nikinyoa ndevu. Alikuwa Sifa, binti wa dada yangu Veronika, akipiga kutoka Lubarika.

“Mujomba, mama iko nakufa. Ile ngiri yake imekaza tangu jana. Tumbo imekuwa kama jiwe, na kila kitu anatapika.”

Nilimwomba anipe muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alisema kwa ufupi na kwa heshima kwamba utumbo umenaswa ndani ya ngiri, kwamba pale Lubarika hakuna wa kupasua, na kwamba mgonjwa lazima afike hospitali ya Uvira siku hiyohiyo. “Tukimupata mezani mbele ya saa tisa, papa, iko na matumaini. Nyuma ya pale, minye siwezi kukudanganya.” Kwenye pikipiki hakuweza kukaa. Gari lilihitajika, na gari lililokuwa karibu nami lilikuwa moja tu.

Veronika ndiye kifungua mimba wetu. Tulipofiwa na mama, aliacha shule akiwa darasa la tano ili mimi niendelee. Sikupata kumshukuru kwa maneno, kwa kuwa kwetu jambo kama hilo halisemwi. Nilimwita Yaya tu, yaani dada mkubwa, na neno hilo lilibeba yote. Naliandika hili mara moja na sitalirudia.

Saa moja kasorobo, Kalundu. Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ya mazutu, yaani dizeli, mali ya chama cha wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, hapo bandarini, chama ambacho mimi ni katibu wake. Kashindi ndiye dereva na ndiye fundi wake. Hapa sina budi kusimama kidogo na kueleza jambo lililotangulia safari, kwa sababu bila hilo msomaji ataniona kuwa mwenye bahati mbaya tu.

Wiki tatu kabla, Kashindi alikuwa ameniletea barua. Ninayo. Inasema: “Kwa Papa Sekretere. Naomba nusu mita ya durite mupya ya mazutu, juu ile ya kutoka kwa tanki imezeeka na gari iko navuta hewa.” Durite ndilo jina ambalo mafundi wetu huuita mpira mnene unaopitisha mazutu kutoka tangini hadi kwenye filta. Niliipokea barua, nikaipiga muhuri wa kupokelewa, na nikafanya ukaguzi kwa njia niliyoitumia kazini maisha yangu yote: nilitandaza kartoni safi chini ya gari jioni, nikaja kuitazama asubuhi. Kartoni ilikuwa kavu. Fomu yetu ya ukaguzi, niliyoinakili mwenyewe kutoka ile ya ofisi yangu ya zamani, ina swali la saba: “Je, kuna mvujo wa mafuta?” Nikaandika: Hapana. Chini ya barua ya Kashindi nikaandika: “Ombi halikubaliki. Ukaguzi umefanywa. Gari halivuji.”

“Papa Sekretere,” Kashindi aliniambia siku ile, akiicheka kartoni yangu, “tone haiwezi kuonekana. Hii haitoke inje. Inaingia ndani. Tanki iko chini, pampu iko juu, pampu inavuta. Pahali penye kupasuka, mazutu haimwagike, ni upepo ndiyo inaingia.”

“Katika fomu hakuna swali la upepo,” nilimjibu.

“Basi fomu yako haijapandaka gari.”

Wachuuzi waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka, na kicheko chao kilinifanya nishikilie jibu langu zaidi. Hilo nalo liandikwe.

Basi asubuhi ile ya Alhamisi nilimkuta Kashindi amekwisha kuiwasha pikapu kwa taabu. Nilikuwa nimevaa koti na tai, kwa kuwa nilijua hospitalini mtu asiye na koti husubirishwa. Nilimweleza habari ya dada yangu. Hakunuka pombe, na siku nzima hakuonja hata tone. Hakuuliza lolote ila moja: “Na durite?”

“Haivuji,” nilisema. “Twende.”

Saa mbili kasorobo, njia ya Kavimvira na Kiliba. Mvua ya usiku ilikuwa imekata. Barabara ilijaa madimbwi mekundu, na kushoto kwetu milima ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Karibu na Kiliba, kwenye mashamba ya miwa, kuna kizuizi: kamba imevutwa kati ya nguzo mbili, na kando yake kuna kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyeusi, ZIMA MOTERE. Tulipofika, kamba ilikuwa imelazwa chini na mlinzi alikuwa ng’ambo ya barabara akipiga mswaki. Alitupungia mkono. Kashindi akapita bila kuzima mashine.

“Umekisoma kibao?” nilimwuliza.

“Nimekisoma.”

“Mtu akisoma agizo hulitii.”

“Papa, hii motere ikilala, haitaamuka. Minye siko nakataa sheria. Niko nakuambia tabia ya muzee huyu.” Akaupiga usukani kofi la upole.

Nilitoa daftari langu na kuandika kwamba agizo la kizuizi halikuheshimiwa. Daftari hilo liko mbele yangu ninapoandika haya.

Saa mbili na nusu, Sange. Gari lilianza kusitasita. Lilikuwa likivuta vizuri, kisha linakohoa, linapungua nguvu, kisha linarudiwa na pumzi. Kashindi alisimama kando ya soko, akaiacha mashine ikinguruma, akajilaza chini ya gari juu ya matope. Alitoka na kidole cheusi.

“Njoo uone, papa.”

Nilikunja suruali nikainama. Pale mpira unapotoka kwenye bomba la tanki, chini ya pingu ya chuma inayoukaza, palikuwa na ufa mwembamba kama mstari wa kalamu. Haukuwa na tone hata moja. Lakini Kashindi alipouminya, mdundo wa mashine ulibadilika papo hapo. Alipouachia, mashine ikakohoa tena.

“Unasikia? Iko napumua.”

Nilisikia. Nakiri kwamba hapo Sange, saa mbili na nusu asubuhi, nilikwisha kuelewa.

Kashindi alitaka tutafute durite sokoni. Maduka ya vipuri yalikuwa bado hayajafunguliwa, na mwenye duka, tuliambiwa, alikuwa ameenda shambani. Labda saa moja, labda mbili. Nilimfikiria Yaya. Nikasema tusingoje. Nikasema: “Weka sabuni.”

Ndugu zangu wa nyanda hizi hawahitaji maelezo. Katika barabara zetu zote, tanki likitoboka, mtu hukata kipande cha sabuni ya kufulia, hukikanda kwa vidole mpaka kilainike, na kukisukuma penye tundu. Mazutu haiyeyushi sabuni, na tundu huziba. Nimeona malori yakifika ofisini kwetu yakiwa na mabaka meupe chini ya tumbo, na yalitoka mbali, Fizi. Kashindi naye amefanya hivyo tangu ujana wake. Alisita kidogo, kisha mkono wake ukatii mazoea, kama wangu. Alinunua kipande, akakipaka juu ya ufa, akazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, akafunga kwa waya. Mashine ikatulia.

“Tazama,” nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo, na kwa kujivuna.

Kosa letu sote wawili lilikuwa hili. Sabuni huziba tundu linalosukuma nje. Tundu linalovuta ndani huila sabuni.

Saa nne na nusu, Lubarika. Tuliiacha barabara kuu, tukapita mashamba ya mihogo na ya mpunga, na tukafika kituo cha afya. Kashindi hakuzima. Muuguzi alitoka akilalamika kwamba moshi unaingia wodini.

“Vumilia, muganga,” Kashindi alimwambia. “Huyu nikimulalisha hapa, utamupa naye kitanda.”

Yaya Veronika alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Alifumbua macho akanitazama kutoka kiatuni mpaka shingoni.

“Simoni,” alisema. “Hata leo umevaa kravati? Umekuja kunibeba ao kunikagua?”

“Nimekuja kukubeba, Yaya.”

“Basi beba. Usiandike kwanza.”

Sifa alicheka huku akilia. Tuliweka godoro nyuma ya pikapu, tukafunga turubai juu ya vyuma, muuguzi akaning’iniza chupa ya maji ya dawa. Sifa alikaa nyuma na mama yake. Mimi nilikaa mbele. Saa tano kamili tuliondoka. Nilipiga hesabu ya njia: hata kwa mwendo wa pole tungefika kabla ya saa nane. Muda ulikuwa wa kutosha. Nasisitiza: muda ulikuwa wa kutosha.

Saa saba na dakika tano, kizuizi cha Kiliba. Sasa ndipo pahali pa uongo wa kwanza, na naomba msomaji asome taratibu.

Kamba ilikuwa imeinuliwa. Afisa wa zamu, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, alinyoosha mkono. Kashindi alisimamisha gari, akaiacha mashine ikizunguka, akateremka upesi kwenda kumweleza kwamba tuna mgonjwa. Mimi nilibaki peke yangu mbele. Niliona kibao. ZIMA MOTERE. Niliona pia kwamba dereva wetu alikuwa akiivunja sheria kwa mara ya pili katika siku moja, mbele ya mwenye mamlaka, na nikahofu kwamba ukaidi huo ungetuchelewesha. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto, nikageuza ufunguo.

Kimya kilichofuata nakisikia bado. Upepo katika miwa, na mguno wa dada yangu nyuma ya turubai.

Kashindi aligeuka. Hakupiga kelele. Aliweka mikono kichwani.

“Papa,” alisema. “Papa, umefanya nini?”

Afisa alifika mlangoni kwangu. Alikuwa amekwisha kumwashiria mwenzake ailegeze kamba. “Nani amesema muzime? Kwa mugonjwa hatuzimishake, papa. Pita tu, pita.”

“Kibao,” nilisema.

Alikitazama kibao kana kwamba ni mara yake ya kwanza. “Kile? Kile iko ya malori ya bidhaa, juu ya kuyapekua. Weye uko lori?”

Hayo ndiyo maneno yake. Hakutushikilia hata dakika moja. Hakuomba kitu. Wanaosema vinginevyo hawakuwepo, na mimi nilikuwepo.

Kashindi aligeuza ufunguo. Mashine ilizunguka, haikushika. Alifungua boneti. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa kiganja. Mazutu ikijaa humo, pampu hukakamaa. Alibonyeza mara mia, labda zaidi, jasho likimtiririka puani. Ilibaki laini kama shavu. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa, na badala ya mazutu likatoka povu. Alifungua filta akaimimina kiganjani, akanionyesha bila neno: utelezi mweupe, wenye harufu ya nguo zilizofuliwa. Ilikuwa sabuni yetu ya Sange. Alipojaribu kuuvuta ule mpira ili akate mahali palipopasuka, ulimkatikia mkononi vipandevipande kama mkate mkavu. Mpira mwingine hakuwa nao. Aliuomba wiki tatu kabla.

Saa saba na nusu mpaka saa kumi, pale pale. Gari lililopita lilikuwa moja, lori lililokuwa likielekea kaskazini, nalo lilikuwa limejaa watu. Afisa alipiga simu Kiliba, akapiga Uvira; gari halikupatikana. Alitoa kiti chake akakiweka kivulini kwa ajili ya Sifa. Nilikwenda nyuma ya turubai. Yaya alikuwa ameacha kutapika, na Sifa alidhani ni nafuu. Mimi sikudhani.

“Tumefika?” Yaya aliuliza.

“Bado kidogo. Gari limepata kasoro.”

“Kasoro gani?”

Maisha yangu yote nimejibu maswali ya namna hiyo kwa maneno marefu. Nikamwambia, “Ni mimi. Nimezima mashine.”

Alifumba macho. Kisha alisema, “Tangu utoto weye ni mutu wa kutii. Ningekukatalia basi ile siku walikuita shule, ungebaki na mimi tukalima.” Sikujua kama ni utani au ni lawama. Hata sasa sijui.

Kashindi ndiye aliyepata njia. Alisema: kama pampu haiwezi kuvuta, basi mazutu na iteremke yenyewe. Tutoe mazutu tangini, tuijaze katika bidoni, lile dumu la plastiki, tuiweke juu ya paa, na mpira uiteremshe moja kwa moja mpaka kwenye filta. Tanki na bomba lake bovu tuviache kabisa. Kilichokosekana ni mpira safi wa urefu wa kutosha. Afisa alimsimamisha mwenye pikipiki akamtuma Kiliba kwa muuza mazutu wa kando ya barabara, akamwambie atuazime ule mpira anaonyonyea mafuta. Ilichukua zaidi ya saa moja. Kashindi aliosha filta mara tatu kwa mazutu. Mpira ulipofika, alifunga kwa waya, bidoni ikapanda juu, akafungua skrubu, na safari hii ilitoka mazutu tupu, bila povu. Mashine iliwaka kwa jaribio la pili. Ilikuwa saa kumi na dakika nane.

Bidoni haikuwa na pa kufungwa barabara, na kwenye mashimo yale ingeanguka. Mtu alihitajika kusimama nyuma na kuikumbatia juu ya paa.

“Minye ningeishika,” afisa alisema, “lakini siwezi kuacha kamba.”

Nilipanda mimi.

Saa kumi na robo, kutoka Kiliba. Nilisimama nyuma ya kabini, turubai likiwa limefunuliwa upande wa mbele, miguu yangu kando ya godoro, mikono yangu miwili ikiwa imeikumbatia bidoni. Pale mpira wa kuazima ulipoingia kwenye bidoni, Kashindi alikuwa ameuzungushia kitambaa, na sasa kwa kuwa mazutu ilikuwa ikisukuma kutoka juu, kitambaa kililowa, nayo ikaanza kudondoka. Ilidondoka kwenye mkono wa koti langu, kiwikoni, kifuani, kwenye tai. Gari lilikuwa linavuja. Sasa kartoni yangu ingelowa mbele ya macho ya kila mtu, na gari lilikuwa linakwenda.

Yaya alikuwa amelala chini yangu. Nilimsikia akiita, “Simoni, nipe mukono.” Nilimwambia siwezi, Yaya, nikiiachia bidoni tutasimama. Aliita tena mara moja. Sifa alimshika mkono yeye. Kwenye daraja la Kavimvira nilitazama chini, na Sifa alikuwa amemfunika mama yake kitenge mpaka kidevuni na anamwimbia kwa sauti ndogo. Nikadhani amelala.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, hospitali. Kashindi aliingia lango akipiga honi. Wauguzi walitoka na kitanda cha magurudumu. Nilikuwa bado nimeikumbatia bidoni. Mikono ilikuwa imeganda.

“Mujomba,” Sifa alisema. “Teremuka. Unaweza kuiachia sasa.”

“Mwite daktari kwanza.”

“Mama ameenda, Mujomba. Ameendea kwenye daraja.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeiachia,” alisema. “Na minye sikutaka mama abaki njiani.”

Daktari alimtazama kwa muda mfupi. Nilimwuliza swali moja, na nilidai anijibu kama anavyomjibu mtu wa ofisi. Alisema kwamba kwa hali aliyoelezwa na muuguzi wa Lubarika, mgonjwa aliyefika saa nane angepasuliwa, na wengi wa namna hiyo hurudi nyumbani kwao kwa miguu yao. Nikamshukuru.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Kalundu. Yaya alipaswa kuzikwa kwao Lubarika, na gari lilikuwa lilelile. Nilikwenda kwa miguu kwenye duka la vipuri lililo nyuma ya bandari, mwendo wa dakika chache kutoka ofisi ya chama. Nilitaja nusu mita ya durite ya mazutu na pingu mbili. Muuzaji alikata kwa kisu huku akizungumza na mtu mwingine. Nilimpelekea Kashindi, nikakaa juu ya kreti la ndagala, nikatazama saa yangu. Alikata kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, akalisugua bomba likang’aa, akavisha mpira mpya, akakaza pingu, akabonyeza pampu. Kwa mbonyezo wa kumi na tatu ilikakamaa. Aliwasha, akazima, akawasha. Akazima tena, akangoja, akawasha. Kazi yote ilichukua dakika kumi na saba.

“Sasa unaweza kulala, muzee,” aliiambia mashine.

Hakuniambia mimi neno la lawama, siku ile wala baadaye, na kimya chake kinanilemea kuliko matusi ya watoto wa Veronika. Watoto hao wamemtaka aondolewe kazini, na wanachama wawili wamewaunga mkono. Nimewajibu kwa maandishi, na nakala nimeibandika ukutani bandarini: mtu aliyeonya kwa barua, akakataliwa kwa barua, hawezi kuadhibiwa kwa kile alichokionya. Ukatibu nimeurudisha. Anayetaka kumlaumu mtu ana jina langu na saini yangu.

Jumamosi, saa tatu, kizuizi cha Kiliba, tukiwa na jeneza. Tulifika kwa mwendo wa polepole. Afisa yuleyule alikuwa zamu. Alituona kwa mbali, akavua kofia yake ya sufu, akailaza kamba mwenyewe. Kibao kilikuwa palepale. Kashindi alinigeukia, mkono wake uko karibu na ufunguo, akauliza kwa upole kabisa, bila utani:

“Nizime, papa?”

“Hapana,” nilisema. “Endesha.”

Mashine haikukohoa hata mara moja, Sange haikukohoa, mashambani haikukohoa, mpaka kwenye kaburi. Gari lilikwenda kama jipya. Hiyo ndiyo safari ambayo dada yangu alistahili Alhamisi.

Jumapili, kurudi Songo. Niliyojifunza ni machache na yalikuja kwa kuchelewa. Nilijifunza kwamba gari kuukuu halijifii lenyewe, mtu huliachia. Nilijifunza kwamba kuna mvujo unaotoka na mvujo unaoingia, na kwamba ule usioacha doa ndio uliopita mbele ya macho yangu wakati nikipekua kartoni. Sijui ni magari mangapi niliyapa cheti kazini kwa jibu lile la swali la saba. Nimejaribu kuyakumbuka, na nimeshindwa.

Fomu ya pikapu sikuichana, wala jibu la kwanza sikulifuta, kumbukumbu hazifutwi. “Hapana” yangu iko pale, inasomeka. Chini yake nimeongeza kwa wino uleule: “Jibu si sahihi. Gari lilikuwa likivuja kuingia ndani. Niliambiwa.”

Kashindi aliisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari.

“Ongeza swali la upepo,” alisema. “Sekretere mwenye kuja naye ataleta kartoni.”

Nimeliongeza. Ni la nane.